Neno Nililolisema Kwenye Ghala la Kahawa

Vijana huniuliza niliwezaje kusema saa mbili mfululizo kwenye kipaza sauti bila kunywa maji. Nilikuwa natafuna kahawa. Punje mbili za kahawa ya kuchemshwa, zile tunazompa mgeni hapa kwetu, ukizibana shavuni koo halikauki. Tena zinakuzuia kusema haraka, na mtafsiri wa sinema anayesema haraka hana kazi.

Kazi yenyewe imekufa, kwa hiyo niwaeleze. Serikali ilikuwa na gari la sinema. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kuonyeshea, jenereta, kitambaa kikubwa cheupe na mikanda ndani ya makopo ya bati. Tulitoka Bukoba mjini tukaenda hadi Rubafu, tukarudi, tukateremka Muleba, Rubya, hadi Kimwani. Picha nyingi zilisema Kiingereza. Mimi nilikaa kwenye kiti kando ya kile kitambaa, nikawasemea watu wa kwenye picha. Nilikuwa mwanamume na mwanamke, daktari na mgonjwa, hata ng'ombe siku moja walipotaka kujua analia nini.

Sikuajiriwa kwa hilo. Masista walinifundisha Kiingereza na kupiga taipu, na uhuru ulipokuja ofisi zikataka wasichana wa taipu. Mtafsiri wa kwanza alipougua homa, mkuu wangu alitazama chumba kizima akaona mimi peke yangu ndiye ninayejua Kiingereza, Kiswahili na Kihaya pamoja. Kesho yake nilikuwa Rubafu.

Siku hiyo niliharibu. Ilikuwa picha ya mume aliyepotea safarini, nami nilikuwa nimeshaitazama ofisini. Mke alipoanza kulia nikamwonea huruma, nikawaambia watu wasiwe na wasiwasi, mumewe atarudi mwishoni na mguu wake umepona. Akina mama wakashukuru, wakafunga watoto migongoni, wakaenda zao. Nusu ya uwanja ikabaki tupu na mke bado analia kwenye kitambaa.

Mwendeshaji wa mashine hakunigombeza. Aliitwa Mzee Seif, Mwislamu wa mjini Bukoba, mzaliwa wa hapa lakini babu yake alitoka Pangani. Alikuwa mrefu, mkimya, na kofia yake haikuwahi kupata doa la grisi. Alisubiri hadi tumekunja kitambaa, akasema, "Binti, mbele ya watu usijue kitu ambacho picha haijakijua."

Mengi ninayoyajua yalitoka kwake. Alinifundisha kupiga brashi laini kile kilango ambamo mkanda unapita, kwa sababu unyoya mmoja wa vumbi hapo huwa nyoka kwenye kitambaa. Alinifundisha kwamba mkanda ukikatika unakwangua ncha kwa wembe, unapaka gundi, unabana na kuhesabu hadi ishirini bila kupumua. Na taa ikiwa ya moto usiisogeze mashine hata kwa kidole. Lakini kubwa zaidi lilihusu sauti yangu. Usiseme juu ya uso, aliniambia. Mtu akitazama mbele, waache watu wamsome wenyewe. Ngoja uso ugeuke, ndipo useme.

Sasa niwaambie juu ya picha moja.

Ililetwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipokuwa tunaitana ndugu hadi na askari wa trafiki. Jina lake lilikuwa refu na la Kiingereza, sisi tukaiita Mtu wa Rungu. Ilihusu Mmarekani mweusi, mchezaji wa mpira ule wa kupigwa kwa gongo, besiboli. Huko kwao timu kubwa za kulipwa zilikuwa za Wazungu watupu, na watu weusi walichezea timu zao pembeni. Kiongozi wa timu moja akamwita huyu, akamwambia atamsajili kwa sharti moja: watamtukana, naye asijibu.

Ofisini tuliitazama mara mbili kwa sababu hakuna aliyeelewa mchezo. Nilichoelewa ni kwamba mchezaji hupiga mpira kisha hukimbia, anazunguka kutoka pembe hadi pembe, na akirudi pale alipoanzia anakuwa amefika nyumbani, timu yake inapata moja. Mzee Seif alipenda sana hapo. Alisema ni mchezo wa kwanza kusikia ambao ushindi ni kufika nyumbani.

Kuna sehemu katikati ya picha ambayo sijaisahau. Yule mtu amesimama na gongo lake, uwanja umejaa. Mzungu mmoja mwenye kofia anainuka jukwaani, anamwita kwa neno la kuwatukana watu weusi. Wengine wanapokea. Yeye anatazama chini kwenye vumbi, anasogeza mguu kidogo, anainua gongo. Haongei.

Mara ya kwanza kuionyesha kwa watu ilikuwa pale pale mjini. Sehemu ile ilipofika nikasema, "Wanamwambia aende zake, hawamtaki." Niliona aibu kulisema neno lenyewe, na sikujua nani angenisikia. Watu walitazama hadi mwisho, wakapiga makofi, wakaondoka wakicheka habari ya magongo.

Asubuhi tukashika njia ya Muleba. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba kiasi kwamba Mzee Seif aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Tulipofika Muhutwe alisimama tununue ndizi za kuchoma. Tukala tumeegemea gari, hatuoni hata ng'ambo ya barabara, tunasikia tu watu wakipita na kusalimiana mle ndani ya weupe.

"Jana umemnyang'anya yule bwana kazi yake," akaniambia.

Nikamwuliza kazi gani.

"Kunyamaza. Wewe umewaonyesha watu mtu aliyeambiwa aende zake, akanyamaza. Nani asiyeweza hilo? Usipowapa lile tusi, ukimya wake hauna uzito."

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake wala kwa mtu mwingine. Ujana wake alicheza winga ya kushoto, na mji mzima ulimjua. Wakati wa Mwingereza, Wazungu walikuwa na timu yao karibu na ziwa. Siku moja walipungukiwa mtu, wakamwita. Alifunga mabao mawili. Mchezo ulipokwisha wenzake wakaingia kwenye jengo lao kunywa chai, naye akaletewa kikombe nje, akakinywa amesimama kwenye nyasi na jezi yao ikiwa bado mwilini. Kulikuwa na bwana mmoja aliyepita akasema kitu juu yake, wakacheka. Alielewa kila neno. Alimaliza chai, akakunja jezi vizuri, akaiweka juu ya ngazi, akatembea hadi nyumbani. Hakucheza tena, si kwao wala kwingine.

"Watu walidhani sikuwa na la kusema," akasema. Akafuta mikono kwa jani la mgomba, tukaingia garini.

Tulikuwa tunakwenda kijiji kimoja upande wa Kimwani. Jina lake nalihifadhi, maana watoto wa watu wale wako hai na ni watu wazuri. Tulifika jua likiwa juu lakini mvua inanukia. Vijana wa kijiji walikuwa wanafanya mazoezi ya mpira wa miguu, wanajiandaa kwa mechi ya Muleba. Nilisimama kuwatazama wakati Mzee Seif anatafuta pa kuweka jenereta. Golini alikuwepo kijana mrefu, labda wa miaka ishirini na mitatu, mwenye viganja kama majembe. Kila kilichopigwa alikidaka. Hakuruka kwa mbwembwe. Mpira ulikuwa kama unamjua, unamwendea.

Mwenyekiti wa kijiji, Ta Kaijage, "Ta" ikiwa heshima yetu kwa mwanamume mzima, alikuja kunisalimia. Nikamsifia kipa wake. Akacheka kwa upole, akasema yule ni Bukuru, ni wa mazoezi tu, siku ya mechi golini anakaa mtoto wa ndugu yake yeye mwenyekiti.

Sikuhitaji maelezo zaidi, maana mimi ni mtu wa huku. Baba yake Bukuru alikuwa mmoja wa wale watu waliokuja kutoka magharibi, ng'ambo ya mpaka, kufanya kibarua kwenye vibanja vyetu, kupalilia migomba na kubeba kahawa. Walizaa huku, wakazeeka huku, na bado waliitwa kwa neno moja. Neno hilo ni la Kihaya, silitaji hapa. Wengine wenu mnalijua. Nyumbani kwetu tulikuwa nao wawili, na bibi yangu, mwanamke aliyesali rozari mara mbili kwa siku, aliwaita hivyo kila asubuhi kama mtu anayewaita kuku. Nami nililisema nikiwa mdogo, bila hasira yoyote, kama jina.

"Ndugu Bukuru ni mtu mzuri sana," Ta Kaijage akasema. "Ila hawezi kutuwakilisha."

Mvua ikaanza. Tukaamua kuonyesha picha ghalani mchana ule ule. Lilikuwa ghala la kahawa, la bati, na tuliziba madirisha kwa magunia. Giza lenyewe halikuwa kamili. Nyuzi za mwanga zilipenya kwenye matundu ya misumari, na Mzee Seif alipowasha taa ya mashine, vumbi la maganda ya kahawa likajaa ndani ya ule mwali, likawa linapanda na kushuka taratibu kama kitu kinachopumua. Hadi leo nikipatwa na usingizi mwepesi wa mchana huwa naliona. Mvua juu ya bati ilinguruma mbali, harufu ya kahawa ilikuwa nzito, na watu wote walikaa juu ya magunia yaliyojaa, wakubwa mbele, wengine nyuma. Vibarua walisimama mlangoni, Bukuru akiwa kati yao. Hakuna aliyewaambia wasimame pale.

Amri ya ofisi ilikuwa kutafsiri kwa Kiswahili peke yake. Lakini mbele walikaa akina mama wazee ambao Kiswahili chao kiliishia sokoni, kwa hiyo kila mara nilisema Kiswahili, kisha nikaongeza Kihaya kidogo. Walicheka kwenye gongo. Waliguna yule mtu alipobadilisha nguo peke yake kwenye kona, wenzake wamempa migongo. Mzee mmoja aliuliza kwa nini asirudi tu kwao, akanyamazishwa.

Ikafika ile sehemu. Nilikuwa nimejiandaa tangu Muhutwe. Nilitafuta tusi la Kiswahili lenye uzito ule, sikupata. Nikangoja kama nilivyofundishwa. Yule mtu akatazama mbele, nikanyamaza. Mzungu wa kofia akainuka, akapanua kinywa. Uso wa mchezaji ukageuka.

Nikafungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa la bibi yangu.

Nililisema kwa Kihaya, kwenye kipaza sauti, ndani ya ghala la bati. Likagonga kuta likanirudia. Na kwa kuwa kwenye picha wale watu wengine walilipokea, ilinibidi nilirudie, mara ya pili, mara ya tatu.

Nilitegemea kicheko au kelele. Hapakuwa na chochote. Nilisikia mvua, na jenereta nje. Kwenye kitambaa yule mtu akasogeza mguu vumbini. Niliwatazama watu kwa mwanga wa picha, na nyuso zote, mstari kwa mstari, zilikuwa zimeinama zikitazama sakafu. Mzee Seif hakugeuka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mashine kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Aliyevunja kimya alikuwa bibi mmoja mzee sana aliyekaa mbele kabisa, Ma Kemilembe. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya chumvi, "Hilo neno, hao Wazungu wamelijulia wapi?"

Nikaendelea na picha.

Ilipokwisha, Ta Kaijage alinifuata nikikunja waya. Hakupaza sauti.

"Neno lile lilikuwemo kwenye picha?"

"Lilikuwemo la kwao, Ta. Mimi nimeweka la kwetu."

"Umetuvua nguo mbele ya vibarua wetu," akasema. Akageuka, akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Barua yake ilifika ofisini kabla ya juma kuisha. Ilisema nimetumia lugha isiyoruhusiwa na kuleta mgawanyiko katika kijiji cha ujamaa. Mkuu wangu alituita wote wawili. Mzee Seif alisema nilitafsiri kilichokuwepo, na kwamba yeye ndiye aliyeniambia nisikipunguze, kwa hiyo kama kuna adhabu igawanywe. Mkuu alikuwa mtu wa haki lakini alikuwa na wakubwa juu yake. Mzee Seif akaonywa, mimi nikarudishwa kwenye taipu kwa muda usiojulikana.

Adhabu hiyo haikuniuma kama mnavyofikiri. Kilichoniuma kilikuwa mlango wa ghala. Niliwaza kwamba Bukuru alikuwa amesimama pale, amekuja kutazama sinema kama watu wengine, na mimi, msichana wa mjini mwenye viatu, nikalichukua lile neno nikamrushia mara tatu kwa mashine. Mzee Seif alikuwa na haki ya kuniambia nilitamke, yeye aliyanywa matusi yake pamoja na chai. Mimi je? Nilipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi nilimkuta mama anamwita kibarua kwa neno lile lile. Nikamwambia ana jina, anaitwa Ntahondi. Mama akaniuliza nimejuaje. Kusema kweli nilikuwa nimemwuliza dakika chache tu zilizopita, pale kwenye njia, baada ya miaka kumi na tisa ya yeye kuishi kwetu.

Siku ya mechi ya Muleba niliomba ruhusa, nikapanda basi. Nilitaka nimtafute Bukuru kati ya watazamaji nimwombe radhi. Sikumwona. Timu zilipoingia uwanjani, nikamwona golini.

Baadaye nilielezwa ilivyokuwa. Yule mtoto wa ndugu yake Ta Kaijage, kipa wa siku za mechi, alikuwa amevua jezi asubuhi ile mbele ya wenzake wote, akasema yeye hajui kudaka, kila mtu anajua kwamba hajui, na hawezi tena kusimama golini huku anayejua anambebea viatu. Ta Kaijage alikasirika. Lakini timu ilikuwa imeshamzunguka Bukuru na jezi ilikuwa fupi kwake, inamwishia juu ya kitovu, wakawa wanacheka, na ndani ya kicheko kile jambo likapita.

Mchezo ulikuwa mgumu. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha huku jua linawaka, uwanja wote uking'aa kama majani ya mgomba, na wachezaji walionekana kana kwamba wanakimbia juu ya maji. Bukuru alidaka kila kitu kipindi cha kwanza. Watu wa upande wa pili walipoona hivyo wakaulizana ni nani, na walipojua, neno likaanza. Safari hii halikutoka kwangu. Lilitoka kwenye vinywa vya watu mia, kwa kuimba. Nilimtazama. Alirekebisha ile jezi fupi, akatema mate kwenye viganja, akasubiri.

Walifungwa moja kwa bila, dakika za mwisho, mpira uliogonga mguu wa mwenzake ukabadili njia. Sitawadanganya kwamba walishinda.

Nilimkuta nyuma ya uwanja ananawa matope kwenye mfereji. Nikajitambulisha, ingawa alinijua kwa sauti kabla sijamaliza. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa neno lile la ghalani.

Aliendelea kunawa. Kisha akasema, "Dada, lile nalisikia tangu nanyonya. Kila nikilisikia, mimi ndiye ninayetazama chini. Siku ile nikasimama pale mlangoni nikaona wao ndio wametazama chini, wote. Sikujua nifanye nini na macho yangu. Nikatoka."

"Ulitoka?"

"Nikaenda zangu kwenye mvua. Kwa hiyo picha sikuimaliza." Akajifuta uso kwa jezi. "Ilikwishaje?"

Nimetafsiri picha kwa watu ambao sasa siwezi kuwahesabu, lakini ile ndiyo peke yake niliyoitafsiri bila picha. Nilimsimulia pale pale kando ya mfereji, kwa Kihaya kitupu, huku ile mvua ya jua ikitulowanisha. Nilimweleza kuhusu kombe na magazeti na watu kumbeba mabegani. Niliona hayo hayamgusi. Alingoja nimalize, akauliza lake.

"Siku ya pili yake, baada ya kutukanwa, alirudi uwanjani?"

"Alirudi."

"Wakaacha kumtukana?"

"Hawakuacha."

"Na akacheza?"

"Akacheza."

Barabarani lori la kijiji lilikuwa limewashwa, wenzake wameshapanda, wamelowa na wamefungwa na bado wanaimba. Dereva akapiga honi. Wakaanza kumwita, mmoja kwanza, halafu wote, "Bukuru, Bukuru," na walichoita kilikuwa jina lake. Akaniaga kwa kuinamisha kichwa, akakimbia, wakamvuta juu kwa mikono.